Kaka Alisema Hajui Lugha Yetu

Nina miaka thelathini na tatu. Ni mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja wa kike, na nakaa hapa Nizwa. Sikuachwa, silali na njaa, na mume wangu hajaninyanyulia mkono hata siku moja. Basi utaniuliza, ewe bibi, unalia nini? Nalia na kaka yangu. Kaka wa tumbo moja, ziwa moja! Kaeni vizuri, ndugu zangu, maana nimechoka kubeba jambo hili peke yangu.

Jina langu Zuwena. Nilizaliwa Unguja mjini, na nilikuwa msichana mdogo wa skuli tulipohamia Oman, mwanzo wa miaka ya sabini, wakati wengi wetu walipokuwa wakirudi. Tulikuja watatu tu: mama, kaka yangu mkubwa Seif, na mimi. Baba tulimwacha kaburini. Tukafikia Ibra, mji wa babu yetu, mji ambao mama mwenyewe alikuwa akiusikia kwenye hadithi tu.

Loo! Unguja tulikuwa tukiitwa Waarabu, tena kwa ubaya. Tumefika Ibra, tukaitwa Wazinjibari. Wanawake walitucheka tunavyotembea, watoto walitucheka tunavyosema. Mimi na mama tulizoea. Tulikuwa na jirani zetu waliotoka Unguja na Pemba, tukikaa alasiri tunakunywa chai ya maziwa, tunateta Kiswahili chetu mpaka magharibi, khalas, roho zetu safi.

Lakini Seif hakuzoea. Siku moja alikwenda sokoni kununua mbuzi, akachanganya maneno, mbuzi dume akamwita kwa maneno ya jike. Wanaume walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Alirudi nyumbani mikono mitupu, uso umemwiva. Akazikusanya kanga zote za mama kwenye kamba, akazitia sandukuni, akafunga kwa ufunguo. Akasema tangu leo nyumba hii ni ya Kiarabu, na hataki kusikia neno moja la Kiswahili mbele za watu. Mama alicheka, akidhani ni hasira za siku moja. Masikini mama... hazikuwa za siku moja.

Niliolewa na Hamed, kijana wa kwetu, mpole, mwenye kazi kwenye kambi ya mafuta huko jangwani. Alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwezi, na akija nyumba hucheka. Mungu akanipa mimba mwaka wa kwanza. Ikafika mwezi wa tano, ikatoka. Mwaka wa pili akanipa nyengine. Ikafika mwezi wa tano, ikatoka pia! Nililia mpaka macho yakakauka. Mama hakulia, ila alipima maneno. Akasema ni jicho. Akasema safari ya tatu hakuna atakayejua ila yeye, mimi na mume wangu.

Nanyi mnajua kwetu mambo yalivyo. Mimba haitangazwi, hufichwa mpaka ijitangaze yenyewe. Na kumwambia kaka yako kwamba una mimba? Haya iko wapi! Hata mimba zangu mbili za mwanzo Seif alizijua zilipokwisha kutoka, tena kwa kuona nimelala tu.

Basi palikuwa na daktari mwanamke pale Ibra, akiitwa Dakta Filomena. Mgoa, Mhindi wa Kikristo, lakini mzaliwa wa Unguja kama sisi, amesomea Bombay. Akifungua mdomo utadhani ni bibi wa mtaani kwetu, kanga tu hana! Kliniki yake ilikuwa nyumba ndogo ya matofali ya saruji ukingoni mwa shamba la mitende, mlango wa mbele wa wanaume na watoto, na mlango wa nyuma wa wanawake, ili tusipite mbele za watu. Wanawake wa Kizinjibari tulimkimbilia. Nani asingependa kueleza maradhi yake ya siri kwa lugha aliyonyonya nayo?

Alinipima, akaniambia si jicho wala si jini. Mlango wangu wa kizazi ni mlegevu, mtoto akianza kuwa mzito unafunguka. Akasema atanishona, kisha nilale kitandani palepale kwake, miguu juu, nisiinuke ila kwa dharura, mpaka avuke mwezi wa hatari. Nilimshika mikono nikaibusu. Mama naye akamuombea dua, Dakta na Ukristo wake!

Sasa sikilizeni fitina ilivyoanza. Nyuma ya kliniki palikuwa na pipa la chuma, ndimo Dakta akichomea pamba na vitambaa vya damu. Watu wakiliona pipa linafuka moshi. Wakiwaona wanawake wamejifunika gubigubi wanaingia mlango wa nyuma, wengine wakitoka wamelegea, wanashikiliwa. Wakitusikia tunanong'ona na daktari Mkristo kwa lugha wasiyoijua. Wao hawakuuliza. Walikaa wakahesabu moja na moja, wakapata kumi!

Palikuwa na mtu mmoja, Khalfan, ana duka la vitambaa sokoni, na kila baada ya sala ya alasiri alikuwa na kikundi cha wanaume anawahutubia. Yeye ndiye aliyeanza kusema kwamba mle ndani watoto wa Kiislamu wanatolewa matumboni na kuchomwa kwenye pipa. Wenye akili walimpuuza. Lakini kaka yangu Seif, aliyekuwa akichekwa na soko zima, huyo Khalfan alimkaribisha, akamkalisha ubavuni, akamwita ndugu yake. Jamani, mtu mwenye kiu hukubali maji yoyote. Seif akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Siku moja alikuja nyumbani akasema kwa ukali, Wazinjibari ndio wanaoleta uchafu ule, na Wazinjibari ndio watakaouondoa. Mama akamwambia aache maneno ya barazani. Akamtazama mama kama asiyemjua, akatoka.

Mimi nikaenda kulala kliniki. Nilishonwa salama. Seif alipouliza niko wapi, mama alimwambia nimekwenda Sur kwa shangazi, kupunga upepo wa bahari. Alimwambia hivyo kwa hofu ya jicho, kwa haya, kwa mazoea yetu yote. Mama yangu hakuwa mwongo. Alikuwa akiificha mimba, kama mama yake alivyoificha yake na bibi yake kabla yake. Ningejua neno lile litatufanya nini, ningeinuka kitandani nikamzibe mdomo kwa mkono wangu!

Wiki zikapita. Mtoto akaanza kucheza. Dakta akinisikilizisha moyo wake kwa ile mipira ya masikioni, nami nacheka peke yangu nikitazama dari. Hamed akaja siku zake za likizo, akakaa kitini karibu yangu mpaka Dakta akamfukuza kwa mzaha. Mwezi wa nne ukaisha. Mwezi wa tano ukaingia, nami kila asubuhi nikiamka najigusa, yupo... alhamdulillahi, yupo.

Ikaja Ijumaa ile. Kliniki ilikuwa imefungwa, hakuna mgonjwa ila mimi. Mtumishi amekwenda kwao. Joto kali, mji umelala baada ya sala, mashine ya baridi ukutani inanguruma. Dakta alikuwa chumba cha pili anakula wali wake. Nikasikia gari inarudi kinyumenyume mpaka ukutani, ikagota mlango wa nyuma. Nikainua kichwa, nikatazama dirishani kupitia nondo. Nikaona pikapu ya kijani, na mkebe wa mafuta juu yake.

Nilifurahi! Mnasikia? Nilifurahi! Nilidhani mama amemwambia ukweli, naye amekuja kunitazama. Ile ilikuwa gari ya kaka yangu.

Kisha jiwe la kwanza likavunja kioo cha dirisha la mbele.

Dakta alikuja mbio, mkono bado una wali. Akajaribu mlango wa nyuma, haufunguki, pikapu imeuzuia. Huko mbele sauti za wanaume, Khalfan anapiga kelele kwamba daktari atoke, apelekwe kwa liwali kama alivyo, na uchafu wake. Walikuwa wanne. Nikasikia kitu kinamwagwa, kisha harufu ya petroli ikaingia, ikanipanda puani.

Nikashuka kitandani. Wiki zote zile nilikuwa nikibebwa hata kwenda chooni, siku ile nilishuka mwenyewe! Nikafika dirishani, nikashika nondo kwa mikono miwili. Na aliyekuwa amesimama pale nje, hatua chache tu, kilemba kichwani na fimbo mkononi, ni Seif. Tulitazamana uso kwa uso.

Nikamwita kwa sauti yangu yote. Nilimwambia: "Kaka Seif, ni mimi Zuwena! Nina mimba! Nimeshonwa, siwezi kukimbia! Nisaidie!"

Niliona uso wake ukibadilika. Wallahi niliuona! Mdomo wake ukafunguka. Na hapohapo Khalfan akatokea pembeni, akaniona, akamuuliza Seif kwa Kiarabu, anasema nini huyo mwanamke?

Ndugu zangu, mpaka leo napajua mahali pale aliposimama. Alimtazama Khalfan, akanitazama mimi. Nikangoja. Kisha akajibu kwa Kiarabu chake kile alichokipata kwa tabu:

"Sijui lugha yao."

Lugha yao! Ile aliyoimbiwa alipokuwa akinyonya! Ile niliyomlilia nayo nilipoanguka kisimani utotoni, akashuka akanitoa! Akageuka, akanipa mgongo. Na huko mbele wakawasha.

Moshi uliingia mweusi, chini ya mlango na juu ya mlango. Madirisha yote yana nondo. Nikamwambia Dakta tutoe shahada, nikakumbuka kuwa yeye ni Mkristo, nikaitoa peke yangu. Yeye hakuwa na habari ya kufa. Alipanda juu ya meza, akaipiga mateke ile mashine ya baridi iliyoshindiliwa kwenye tundu la ukuta. Teke, teke, teke, mwanamke mfupi vile, nguvu sijui alizipata wapi, mpaka ikang'oka ikaanguka nje. Akanisukuma nipite mimi kwanza. Tundu lile halikuwa la kupita mwanamke mwenye tumbo. Nilipita. Nikaanguka upande wa pili, juu ya ile mashine ya chuma, kwa ubavu.

Nikasikia ndani yangu kitu kimekatika... sina haja ya kuwaeleza zaidi. Wanawake wanaelewa.

Watu wa mashamba walikuja na ndoo za maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, na polisi wakaja. Walionitia kwenye gari kunipeleka hospitali ya serikali ni watu nisiowajua, Waarabu wa Ibra wa asili na asili, mzee mmoja amenivulia shuka yake akanisitiri. Kwa hiyo asije mtu akanambia kwamba mji mzima ulikuwa mbaya. Haukuwa. Mbaya wangu alitoka nyumbani kwangu.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alioshwa, akavishwa sanda, akasaliwa. Hamed alimbeba mwenyewe mikononi, kipande kidogo cha nguo nyeupe, mpaka makaburini. Alirudi. Alikaa chini kando ya kitanda changu, akaweka kichwa chake kwenye godoro.

Wale wanne walikamatwa. Na wao wakapeleka mashitaka yao: Dakta Filomena ni mtoaji mimba, na wao walitetea roho za watoto. Dakta naye akazuiliwa, mguu una jeraha la moto, mpaka ukweli upatikane. Madaftari yake yote yameungua. Nani atamshuhudia? Wale wanawake wote aliowatibu walijifungia majumbani. Kila mmoja ana haya, kila mmoja ana mume. Nikabaki mimi.

Hapo ndipo mama alipokuja. Alikaa kitandani pangu, akanipaka mafuta miguu kama alivyokuwa akinipaka utotoni. Kisha akasema nikiitwa kwa kadhi, niseme nilikwenda pale kwa maumivu ya tumbo tu. Niseme nilikuwa nimelala, sikuona mtu, sikumwita mtu. Maana Seif amesema hakujua kuwa ndani mna mtu. Wenzake wanamsukumia yeye, eti wao walimuuliza anasema nini mwanamke yule, naye akasema hajui. Yeye anasema hakukuwa na mwanamke wala sauti. Ikithibiti kwamba alisikia, basi alichoma moto watu akijua. Ikithibiti kwamba hakusikia, atafungwa kidogo, atatoka.

Nikamuuliza mama, na Dakta je? Akaendelea kunipaka mafuta. Nikamuuliza, na mwanangu je?

Akanambia, "Mtoto utapata mwengine, inshallah. Kaka utampata wapi?"

Yarabi! Mmeshawahi kukatwa na mtu anayekupaka mafuta miguu? Nilizivuta tu nguo zangu, nikafunika miguu. Hamed nilipomuuliza, alinambia haki yake juu ya mtoto ameitia mikononi mwangu. Nitakalolifanya naye amelifanya. Nilitaka anitukane, aniamrishe, anikataze, niwe na wa kumlaumu. Hakunipa hata hilo!

Siku ya kesi barza ya kadhi, ukumbi wake wa hukumu, ilijaa. Nilikaa upande wa wanawake, barakoa usoni, mama nyuma yangu. Kadhi alikuwa mzee wa sauti ndogo, ukimsikiliza lazima uache kupumua. Seif alikaa mkabala, miguu ina pingu, amekonda. Hakuinua macho.

Kadhi alimuuliza mama kwanza, kwa nini alisema niko Sur? Mama akajibu, ni kwa kumkinga mtoto na jicho. Kadhi akatikisa kichwa taratibu, akasema umemkinga na macho ya watu, ukamficha na macho ya nduguye. Mama akalia pale nyuma yangu kwa sauti ya chini.

Kisha zamu yangu. Nilianza na Dakta. Mbele ya wanaume wote wale, mimi ambaye kaka yangu mwenyewe hakuruhusiwa kujua nina mimba, nilisema kuhusu mlango wa kizazi changu. Nilisema mimba mbili zilivyotoka na ya tatu ilivyoshonwa ili isitoke. Nilisema mwanamke yule hakuua mtoto, alimshona asianguke. Kiarabu changu kilikuwa kinakatika vipande vipande. Hakuna aliyecheka. Khalfan alikuwa akitazama mkeka.

Kadhi akasema huo ni ushahidi wa kutosha juu ya daktari, na daktari wa serikali amekwishaona uzi kwa macho yake. Kisha akanigeukia tena. Akasema mtoto aliyevuka miezi minne ana damu yake na haki yake mbele ya sheria, na wazazi wake ndio wenye kudai au kusamehe. Akaniuliza: dirishani, ulimwita mtu?

Mama akanishika baibui kwa nyuma. Akavuta kidogo tu, kama anavyofanya mtoto anayetaka kitu sokoni.

Nilimtazama kaka yangu. Nilitaka kumchukia, ikaja picha yake ameroa kutoka kisimani, mimi nimemng'ang'ania shingoni. Nilitaka kumsamehe, ikaja ile shuka nyeupe mikononi mwa Hamed. Nikasema, nilimwita, Sheikh, na alinisikia. Lakini maneno yale sitayasema mimi. Yeye anayajua. Ayaseme yeye, mbele ya hawa aliowaambia kuwa hajui lugha yetu. Akiyasema, haki ya damu ya mwanangu nimemsamehe, mimi na baba'ke. Asipoyasema, tutakutana kwa Mola.

Nilisikia mama akivuta pumzi. Kadhi akamtazama Seif, akangoja. Mtu mmoja akakohoa. Khalfan akamnong'oneza kitu, askari akamwamrisha anyamaze. Nikajua hatasema. Nikasema moyoni, basi, nimempoteza.

Kisha Seif akafungua mdomo. Kwa Kiswahili. Kile cha kwetu, cha mtaani, ambacho sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu azifungie kanga za mama sandukuni.

"Kaka Seif... ni mimi Zuwena. Nina mimba. Nimeshonwa... siwezi kukimbia. Nisaidie."

Hakuacha hata neno moja! Yote aliyasikia, yote aliyahifadhi!

Watu wa barza hawakufahamu. Kadhi akasema naye kwa upole ule ule, "Fasiri."

Na kaka yangu, aliyesema hajui lugha yetu, akayafasiri maneno yangu kwa Kiarabu, moja baada ya moja, machozi yakimwangukia kwenye pingu. Alipofika kwenye "nisaidie" sauti ilimkatika, kadhi akamwambia arudie, akarudia. Mzee mmoja alificha uso kwa kilemba chake. Hamed alisimama akatoka nje.

Damu ya mwanangu nilimsamehe, kama nilivyoahidi. Lakini kuchoma moto nyumba yenye watu ni kesi ya serikali, sikuwa na msamaha wa kutoa hapo. Wote wanne wakafungwa, na Khalfan na Seif zaidi ya wenzao. Dakta Filomena aliachiwa siku ile ile, kadhi akamtaka radhi mbele ya watu. Liwali akamwambia kliniki itajengwa upya. Akashukuru, akakataa. Alikuja kuniaga, mguu umefungwa bandeji, akanambia kwa lafudhi ile ile ya Unguja: "Mwanangu, mimi nishachoka kukimbizwa miji." Akaenda zake Goa. Mwaka ule ule jirani yangu, aliyekuwa akitibiwa kwake, uchungu ulimshika, wakamkimbiza kwa gari kutafuta daktari mwanamke, akajifungulia njiani karibu na Izki, akafa kabla ya kufika Nizwa. Mtoto naye hakuishi. Je, hao walitetewa na nani?

Sikuweza tena kukaa Ibra. Hamed akatafuta nyumba hapa Nizwa, tukahama. Mama hakunisemesha. Mungu alipotujaalia binti yetu, nilishonwa tena, safari hii hospitalini, na kila aliyetuuliza tulimwambia: ndiyo, nina mimba, niombeeni! Mama alikuja arubaini yangu yote. Aliniosha, akanikanda, akanifunga tumbo kwa kanga, kanga yake ya zamani. Alifanya kila kitu bila kusema nami neno. Nilikuwa nikimsikia usiku anamwimbia mjukuu wake, nami nalia kwenye mto.

Miaka ikapita. Mwaka jana, mchana mmoja, nilikuwa na jirani yangu Bi Thuraya, mwanamke wa Nizwa, tunakunywa kahawa na tende. Mlango ukagongwa. Sauti ya mwanamume, kavu, ya mtu aliyechoka, ikasema:

"Hodi... Zuwena. Ni mimi, kaka'ko Seif."

Nikaweka kikombe chini. Bi Thuraya, ambaye hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, akaniuliza kwa Kiarabu, anasema nini huyo mwanamume?

Ndugu zangu wasomaji, nitawaambia ukweli wote. Maneno yalikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi. Yale yale mawili matatu aliyoyasema yeye siku ile. Ilikuwa rahisi mno! Angeondoka, nisingemwona tena, na nani angenilaumu? Binti yangu alikuwa ameshika upindo wa nguo yangu, ananitazama juu, anangoja kusikia mama'ke atasema nini.

Nikasema, "Anasema yeye ni kaka yangu." Nikainuka, nikaenda kufungua.

Hatukukumbatiana. Msidhani ni mambo ya senema. Alikaa karibu na mlango, nywele zimekuwa nyeupe, nikampa maji. Binti yangu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaanza kulia. Nilikwisha kumsamehe kwa mdomo, kwa moyo bado najaribu. Wiki nyengine naweza, wiki nyengine siwezi kumtazama mikono. Mama sasa anasema nami, lakini jambo lile hatuligusi.

Nawasihini, nyinyi mlio na dada, mlio na wake, mlio na kaka wenye hasira. Mkisikia fitina juu ya mlango fulani, ulizeni kwanza nani yumo ndani. Mama zangu, mimba si aibu ya kuwaficha watoto wenu wa kiume, waambieni, wafundisheni kuibeba pamoja nanyi. Na wewe kijana unayetafuta kupendwa na watu wa baraza, siku moja watakuuliza juu ya mtu wako, anasema nini huyu? Nakuomba kwa jina la Mungu, sema ukweli. Mwanangu angekuwa sasa amekwishaanza skuli.